Sikio Kwenye Kegi

Jumamosi, 6 Juni

Leo siku ya kupima kegi, yale mapipa yetu ya chuma ya bia. Nyumba nzima imefungwa mdomo tangu asubuhi. Redio zima. Bomba funga. Friji—hata friji amelichomoa, eti linanguruma! Kila tunapotaka kujaza bia ni hivi hivi, tangu binti yetu yuko tumboni. Mume wangu anajaza gesi kwenye kegi tupu, anabana kifuniko, anaiweka kwenye benchi la stoo, anainama, anategesha sikio. Kifuniko kwanza. Halafu valvu ya gesi, halafu valvu ya bia. Macho kafumba. Kidole kimoja juu, maana yake hata kupumua ni kosa. Ikiwa haivuji anaigonga tumboni kwa kifundo cha kidole na kusema, "Mzima." Ikiwa inavuja anasema, "Mgonjwa," na ringi zote za mpira zinatolewa, zinapakwa grisi, zinarudishwa.

Wenzake wanaopika bia majumbani wanatumia maji ya sabuni. Unapulizia, ukiona povu ujue hapo panavuja, basi. Mzee wangu anawacheka. Sabuni ni ya wasio na masikio, anasema.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo yangu. Nikamsikia Kibonge anavuja. (Kibonge ndiye kegi yetu kubwa, mwenzake ni Kovu, yule mwenye bonde ubavuni.) Ssss—pale kwenye valvu ya gesi. Nilimsikia kutoka mlangoni! Yeye sikio lake liko juu yake kabisa. Akatabasamu. Akagonga. "Mzima."

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Haya, vizuri." Mimi huyo.

Kwa kawaida dawa yake ninayo. Akishapima huwa anatoka uani kuosha mipira ya kupitishia bia, na mimi natoa chupa yangu ya maji ya sabuni nyuma ya ndoo ya unga, napulizia haraka haraka, naona povu linapoota, nabana, nakausha kwa kitambaa. Akirudi anakuta Kibonge mzima kweli. Nimefanya hivyo kwa zaidi ya mwaka. Nimekuwa hodari mno, naweza kupata kazi kiwandani. Lakini leo hakutoka. Mipira alikuwa ameiosha jana. Alikaa palepale akajaza bia huku akipiga mluzi, na mluzi wenyewe siku hizi unatangatanga, unatafuta wimbo hauupati.

Bia yenyewe ni ya harusi ya binti yetu, mwezi ujao. Ameahidi ukumbi mzima. Nimelala kitandani mchana kutwa nikisingizia kichwa.

Jumapili, 7 Juni

Kwa nini simwambii? Ngoja nijiandikie nilione mwenyewe.

Alikuwa anaimba kwaya, sauti ya nne. Mwalimu wa kwaya akamwambia kwa upole kwamba anaingia nje ya wimbo. Hakurudi tena. Simu: binti akamwambia, Baba mbona unajibu nisichouliza? Simu sasa napokea mimi. Kinyozi: alikuwa anakwenda hata bila nywele, kwa ajili ya mazungumzo tu. Siku moja watu wakacheka, naye akacheka, kumbe walikuwa wanamcheka yeye. Sasa namnyoa mimi. Kila anapoambiwa hakusikia, kitu hicho anakifunga na hakigusi tena maishani mwake. Ni miaka aliyofanya kazi kwenye mashine za kusaga nafaka iliyomla masikio. Walipewa vizibo vya kuziba masikio, akaona ni mambo ya kizembe.

Imebaki bia. Ndani ya stoo hatuhitaji kusema. Ananyoosha mkono, namwekea spana. Natikisa kichwa, anajua grisi imekwisha. Ndiyo saa pekee tunakaa chumba kimoja bila mimi kupiga kelele kama mchuuzi. Akiacha na hii, mimi nitakaa na nani?

Nikiandika sihitaji kupaza sauti. Ndiyo maana daftari linajaa siku hizi.

Jumanne, 9 Juni

Imekuwa nilivyojua itakuwa.

Nimetoka kazini nimemkuta amekaa sakafuni stoo, miguu kainyoosha kama mtoto. Geji ya mtungi wa gesi inasoma sifuri. Aliuacha umeunganishwa, na gesi yote imetoka kupitia kwa Kibonge, kidogo kidogo, tangu Jumamosi. Bia imelala. Ameimimina kwenye glasi, haina hata kiputo kimoja, imekaa tu pale kama maji ya kuoshea vyombo.

Nikamwambia tutatia gesi nyingine, bia bado ni nzuri. Nikarudia. Nikarudia kwa kelele, mpaka jirani akafungua dirisha. Mzee akasema bia iliyokufa haifufuki. Akambeba Kibonge mpaka uani akaimwaga yote mferejini. Kazi yote ile! Ilipomwagika ikatoa povu, ikapendeza. Nikaingia bafuni nikalia kwa sauti. Nashukuru siku hizi naweza kulia kwa sauti.

Hapana. Hilo ni neno baya. Lakini ndivyo nilivyowaza.

Alhamisi, 11 Juni

Amepata mchawi wake. Ni mdogo wake, yule shemeji yangu tunayemwita Povu, kwa sababu akipewa glasi analamba povu kwanza. Povu anaweka vifaa vyake vya ujenzi stoo kwetu, na Jumapili alipitia kuchukua koleo. Basi. Kosa limepatikana.

"Wewe ndiye uliyechezea valvu!"

"Kaka, naapa sijaigusa. Nilichukua koleo nikaondoka. Muulize shem."

"Usininong'oneze! Sema kama mwanaume!"

Na Povu alikuwa anapiga kelele. Mishipa ya shingo imemtoka. Akamtazama kaka yake masikioni, halafu akanitazama mimi. Nikaona amejua. Sijui kama alijua zamani au ni pale pale. Akavuta pumzi akasema, "Kaka, tatizo si valvu. Tatizo ni—"

"Ni mimi!" Nikasema. Nikajipiga kifua ili Mzee aone. "Ni mimi! Nilikuwa nafuta vumbi! Nikaivuta ile pete ya kutolea gesi kwa bahati mbaya, nikaogopa kusema!"

Hilo amelisikia. Yote aliyasikia, nilivyoyapiga kelele.

Sijawahi kuona uso wake vile. Si hasira. Ni mtu aliyemkuta mke wake anakula akiba ya mbegu. Akasema taratibu, "Wewe? Miaka yote hii, wewe?" Akampa Povu mkono, akamwomba radhi, wakashikana mabega. Mimi nikabaki nimesimama na kitambaa changu. Povu alipotoka alinibana mlangoni, akasema kwa sauti ya chini: "Shem, unamfanyia ubaya ukidhani ni wema." Nikamwambia aende zake na koleo lake.

Jumamosi, 13 Juni

Kufuli. Ametia kufuli kwenye stoo! Ufunguo kautia kwenye kamba, kamba kaivaa shingoni.

Leo ilikuwa siku ya kupika bia ya pili, ndiyo ya mwisho itakayowahi harusi. Amepika peke yake, mlango kaufunga kwa ndani. Harufu ya kimea ikajaa nyumba nzima na mimi niko jikoni nachambua mchele kama mgeni. Nilikwenda na chai nikagonga mlango. Nikagonga sana. Nikapiga teke! Kisha nikakumbuka nagonga mlango wa nani. Nikaiweka chai chini. Aliikuta baadaye imepoa, akadhani namsusia, akaimwaga.

Nimedanganya ili nisitolewe mle ndani. Uongo ndio umenitoa. Mtu angenisimulia habari kama hii kazini ningecheka mpaka nishike mbavu.

Jumapili, 14 Juni

Binti amekuja kula chakula cha mchana. Analeta habari za ukumbi, viti, mpiga picha. Baba yake anatikisa kichwa kila neno, "Sawa, mwanangu, sawa." Akamuuliza, "Baba, utaongea kwanza au atatangulia baba mkwe?" Akajibu, "Sawa, mwanangu." Binti akaniangalia. Nikajifanya natafuta chumvi.

Tukiwa tunaosha vyombo:

"Mama, Baba hasikii kabisa."

"Anasikia anachotaka."

"Mama!"

"Basi hasikii. Unataka nifanye nini? Nimtangaze?"

"Umpeleke hospitali. Kuna vifaa siku hizi, vidogo, haviwezi hata kuonekana. Nikamwambie mimi?"

Nikamkamata mkono na povu lote la sabuni. Nikamwambia akithubutu, harusi yake nitaiona kwenye picha tu. Maneno makali hivyo! Mtoto wangu mmoja! Akatoa mkono wake akaukausha. Akasema, "Nyinyi wawili mtahurumiana mpaka mfe." Kisha akaenda kumkumbatia baba yake kwa nyuma, na mzee wa watu akashtuka nusura aanguke na kiti, maana hakusikia mtu akija.

Mchumba wake amepata kazi mji mwingine. Wakishaoana wanahama. Sikuwa nimeandika hilo kabla, nilikuwa sitaki kuliona limeandikwa. Baada ya harusi ni sisi wawili tu. Yeye, mimi, na televisheni iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho.

Jumatano, 17 Juni

Kazini: niko mapokezi kwa daktari wa meno. Watu wanatoka na ganzi, nusu ya mdomo imelala, mate yanawadondoka, wananiambia "hiku ya hano hijayo" na mimi naandika siku ya tano ijayo bila taabu. Tunaelewana vizuri kabisa.

Nyumbani: maneno manne tangu jana. "Chumvi," yake. "Eeh?", yake. "CHUMVI HIYO HAPO," yangu—hayo yamekuwa zaidi ya manne. Nimechoka. Sina hamu na kitu chochote.

Jumamosi, 20 Juni

Nilikuwa naanika nguo karibu na ukuta wa stoo. Dirisha lake la juu amelifungua, hewa ipite. Hilo halisahau kamwe, gesi ile ikijaa chumba inakutoa roho bila hodi. Kwa hiyo nikasikia kila kitu.

Bia bado inachacha kwenye ndoo, itakuwa tayari wiki ijayo. Leo alikuwa anajaribu kegi tupu. Ameshabadilisha ringi zote, mpya, za dukani. Nikasikia gesi inaingia. Nikasikia kifuniko kimebanwa. Halafu kimya chake kile cha kupima, nami huku nje nikasimama na shati lake mkononi linadondosha maji, nimeshika pumzi. Mazoea! Hakuna aliyeniinulia kidole.

Inavuja. Ndogo, nyembamba, lakini inavuja. Kwenye kifuniko, kwa jinsi inavyokwenda—ya valvu ina mluzi, ya kifuniko ina upepo. Nimejifunza kwake hayo.

"Mzima," akasema.

Hakuna mtu mle ndani! Alikuwa anamwambia nani? Nikabandika paji langu ukutani. Ukuta ulikuwa wa moto kwa jua. Nilitaka kupiga kelele: Kifuniko, mume wangu, kiinue ukibane upya! Na hata ningepiga, angesikia?

Jumatatu, 22 Juni

Mambo yamegeuka na mimi ndiye niliyeyageuza, kwa ule uongo wangu.

Asubuhi alifungua kufuli, akachungulia geji aliyoiacha kwenye kegi tangu juzi. Sifuri. Nilikuwa navaa viatu vya kwendea kazini, nikamwona kupitia mlango. Nikasubiri kelele. Nikasubiri amtafute Povu, amlaani mwenye duka, anigeukie mimi. Wapi! Alishika lile kufuli akaligeuza, akaangalia upande huu na huu. Akashika ufunguo shingoni kwake. Akaangalia dirisha, ambalo hata paka hapiti.

Hakuna aliyeingia. Yeye anajua hakuna aliyeingia.

Mimi nikatoka mbio kama mwizi. Kutwa nzima kazini nimekuwa nawaandikia watu siku zisizokuwa zao.

Jumatano, 24 Juni

Nimerudi nimemkuta sebuleni. Ameitoa saa ya ukutani, ameipakata. Anaiweka sikio hili. Anaihamishia sikio lile. Anaitikisa. Mimi nikiwa mlangoni naisikia, tik, tik, tik, saa ya bei rahisi ina kelele kama cherehani.

Hakuniona. Nikarudi nyuma taratibu mpaka nje. Nikatembea mtaa wote, nikazunguka kwa fundi viatu, nikarudi nikiwa nimepiga mlango kwa nguvu utikisike, kama ninavyofanyaga ili asishtuke. Saa ilikuwa imeshatundikwa. Imepinda kidogo. Tukala.

Nilitaka kumshika mkono. Nimeolewa naye maisha yangu yote ya utu uzima, nikaogopa kumshika mkono, asije akajua kwamba nimeona.

Alhamisi, 25 Juni

Povu alipita kuniuliza hali. Nikamwambia habari ya saa. Akasema walipokuwa wadogo walilala kitanda kimoja, na kaka yake ndiye aliyekuwa akimwambia kila mlio wa usiku ni wa nini: huo ni bati linajikunja, huo ni mbwa wa jirani anajikuna, lala. Akafuta macho kwa mkono wenye saruji, akajipaka saruji usoni. Tukacheka kidogo.

Akaniuliza, "Shem, unaogopa nini hasa? Asiposikia, si bado yupo?"

Yupo. Lakini yupo wapi? Sauti ya nne ilikuwa hapa nyumbani, ilikuwa inaimba bafuni, imekwenda. Hadithi za kinyozi zimekwenda. Kila anachokifunga anaingia nacho ndani na mlango anaurudisha. Mimi nimebaki na hii stoo moja, na hata hiyo ina kufuli.

Ijumaa, 26 Juni

Kesho kujaza. Hajaniambia. Nimejua kwa sababu ameosha ndoo na kupika maji ya kusuuzia. Binti amepiga simu: Baba asisahau bia, watu wote wanaiulizia. Nikasema hasahau.

Nimeangalia kama chupa yangu ya sabuni bado ipo. Ipo. Ya nini sasa, sijui.

Jumamosi, 27 Juni

Naandika hapa hapa stoo. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mwandiko huu hata mimi sitausoma kesho.

Asubuhi redio haikuzimwa. Nikashangaa. Friji likaendelea kunguruma. Kisha akaja jikoni, akavua ile kamba ya ufunguo shingoni, akaiweka mezani mbele yangu, akasema, "Mama, njoo."

Nikaja. Kegi mbili kwenye benchi. Kovu ameshajazwa gesi na kupimwa, amefunikwa na kitambaa. Sikumsikia kitu, yuko salama. Kibonge yuko katikati. Mzee akaingiza gesi, akabana kifuniko, akatoa mpira. Nikasikia pale pale. Kifuniko. Si kidogo.

Aliinama, akaweka sikio. Safari hii hakufumba macho. Macho alikuwa amenikazia mimi. Na mimi usoni nikajitahidi niwe kama ukuta, lakini nani anaweza kuwa ukuta mbele ya mtu aliyemzoea hivyo? Alikaa muda mrefu. Gesi inatoka pembeni ya shavu lake, nikaona vinyweleo vyake vyeupe vya sikioni vinatikisika. Vinatikisika kabisa!

Akasimama. Hakugonga. Hakusema mzima, hakusema mgonjwa.

"Kwangu mimi kimya," akasema. "Kimya kabisa. Na juzi ilikuwa kimya. Na ile ya kwanza uliyosema ni wewe, nayo ilikuwa kimya."

Nikafungua mdomo. Akainua kidole. Kile kile. Nikafunga.

"Nakwenda kuosha mipira. Wewe baki naye umsikilize. Mimi sijawahi kumwomba mtu anisikilizie. Nikirudi uniambie. Kama ni mzima, tunajaza, tunaendelea kama zamani, na kufuli nalitupa. Kama si mzima—"

Hakumaliza. Akachukua mipira.

Mlangoni akageuka. "Usinihurumie," akasema. Na sauti yake ilikuwa ndogo mno, yeye ambaye siku hizi hajui kusema polepole.

Sasa yuko uani. Nasikia bomba linamwaga kwenye karai. Nasikia anakohoa. Anajichelewesha makusudi, mipira hiyo ilikuwa safi.

Kibonge anavuja.

Nikisema mgonjwa, najua kitakachofuata. Ataweka kegi uvunguni, ataitundika spana, na Jumamosi zake atakaa mbele ya televisheni kama alivyokaa baada ya kwaya. Harusi itakuja atakaa kwenye kiti cha baba akitikisa kichwa, sawa, mwanangu, sawa. Halafu mtoto ataondoka na mimi nitabaki napigia kelele mgongo wa mtu.

Nikisema mzima, nitarudi humu ndani. Nitampa spana. Ataongea na wageni wa harusi akiwa na raha zake. Na mimi nitakuwa na chupa yangu nyuma ya ndoo ya unga mpaka mmoja wetu afe.

Na kumbe naweza kusema mzima na isiwe hata uongo! Nimesimama sasa hivi, nimeinua mkono wa kifuniko, nikakivuta juu, nikakibana upya. Kimenyamaza. Rahisi hivyo. Kibonge ni mzima. Nimetega sikio langu kama yeye, kifuniko, valvu, valvu, hakuna kitu. Nikamwambie mzima, akipulizia hata sabuni yenyewe ataona ni mzima.

Usinihurumie, amesema.

Nimekilegeza tena. Nimekisukuma kwa kidole gumba kikakaa upande kama kilivyokuwa. Ssss.

Siwezi. Nimekibana tena.

Nimekaa. Nimesimama. Mungu wangu. Nimepanda juu ya ndoo nikatazama dirishani: ameacha mipira kwenye karai, ameinama, ameweka sikio lake kwenye bomba linalomwaga maji. Kwa mkono mmoja analifungua na kulifunga. Anafungua, anasikiliza. Anafunga, anasikiliza. Maji yanamlowesha kola.

Nimekilegeza.

Bomba limefungwa. Ndala zake kwenye saruji. Kegi inavuja, naisikia vizuri kabisa, na mkono wangu uko juu ya kifuniko na bado sijui utafanya nini—amefika